Kupaka umio aiodini: shajara ya mradi wa chumba chetu cha endoskopi

5 Februari 2024. Tunapoanzia

Wagonjwa wa saratani ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) wanaofika hospitali yetu ya kaunti, upande wa kusini wa Bonde la Ufa nchini Kenya, karibu wote hufika chakula kikiwa kimeshagoma kupita. Huanza kuacha nyama, kisha ugali, kisha wanashinda na uji, ndipo nyumbani wanashtuka. Hapo kilichobaki ni kupanua njia na kuweka stenti, kijibomba cha kuishikilia wazi, ili mtu apate kumeza. Mradi huu unawatafuta wale walio miaka kadhaa nyuma ya hapo: watu wanaokula vizuri tu, lakini utando wa umio umeshaanza kubadilika. Mabadiliko hayo yanaitwa displasia, na yakionekana mapema yanaweza kuondolewa kwa endoskopi, yaani mpira wenye kamera unaoingizwa kupitia mdomoni, bila kupasua kifua.

Wapo, tena si haba. Utafiti wa Hospitali ya Tenwek, Bomet, uliochapishwa mwaka 2016, uliwachunguza watu 305 wasio na dalili yoyote, na asilimia 14.4 wakakutwa na displasia. Huko Linxian, mkoa wa Henan nchini China, watu walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka 13. Waliokuwa na displasia hafifu, karibu robo yao walipata saratani. Ya wastani, nusu. Kali, karibu robo tatu.

Shida ni kuiona. Chini ya mwanga mweupe wa kawaida displasia hufanana na wekundu kidogo tu, au haionekani kabisa. Huko huko Linxian, mwanga mweupe peke yake ulifichua asilimia 62 ya displasia kali na saratani. Umio ulipopakwa aiodini, ikawa asilimia 96. Kazi inafanywa na glaikojeni, ile sukari iliyohifadhiwa ndani ya seli. Seli zenye afya za umio zimejaa glaikojeni na hugeuka kahawia zikiguswa na aiodini. Seli zilizobadilika zimepungukiwa nayo, kwa hiyo hubaki njano hafifu, kisha pinki.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha endoskopi. Tuna mpira mmoja wa kuangalia tumbo, mashine yenye kitufe cha mwanga wa bendi nyembamba (mwanga wa kuonyesha vishipa vidogo vya utando) ambacho hatujawahi kukitegemea, na daktari mmoja mwenye ujuzi. Naandika haya ili chumba kingine kama chetu kisianze sifuri.

26 Februari. Rangi yenyewe

Dawa ni mmumunyo wa Lugol, uliopewa jina la daktari Mfaransa aliyeutumia tangu karne ya 19. Ya kununua tayari ilikuwa ghali na haikuwa ya kipimo tunachotaka, hivyo mfamasia wetu akatengeneza. Kwa lita moja ya asilimia 2: gramu 20 za aiodini, gramu 40 za potasiamu aiodaidi, maji yaliyotoneshwa mpaka lita ijae. Aiodaidi ndiyo hutangulia, katika maji kidogo sana, kisha fuwele za aiodini, halafu maji mengine. Ukianza na aiodini kwenye maji mengi utakoroga mpaka jioni, maana peke yake haiyeyuki majini kwa kiasi cha maana.

Gramu 100 za aiodini na gramu 250 za aiodaidi zilitugharimu kama shilingi 12,000. Katheta ya kunyunyizia, ile inayotoa ukungu badala ya mkondo, ilikuwa 14,000. Usijaribu kumwaga rangi kwa bomba la sindano kupitia tundu la vifaa bila katheta: itaanguka upande mmoja wa umio na upande wa pili utabaki mweupe.

Kabla ya kupangiwa siku, kila mtu anaulizwa kuhusu aiodini (je, dawa au kipimo chenye aiodini kimewahi kumletea vipele au kubanwa pumzi?) na kuhusu tezi ya shingo. Milimani huku rovu si jambo geni. Mwenye tatizo la tezi anachunguzwa bila rangi.

18 Machi. Umio uliopauka

Watu wa kwanza walipakika vizuri, kahawia safi kama mbao ya mvule. Kisha rangi ikaanza kutuchezea. Umio mzima ulitoka na unjano wa chai ya rangi iliyokorogwa vibaya, bila mpaka wowote kati ya penye afya na pasipo na afya. Daktari alikata vipande sehemu kadhaa na vyote vikarudi na jibu moja: utando wa kawaida.

Chanzo kilikuwa chupa. Rangi ilitoka famasia katika chupa ya kioo cha kahawia, lakini kwa sababu chupa hiyo ilikuwa moja, ilimiminwa kwenye chupa za plastiki zinazopitisha mwanga zikawekwa dirishani karibu na sinki. Aiodini huvukiza, hupenya plastiki na huharibiwa na mwanga. Kilichobaki kilikuwa maji yenye rangi ya kudanganya macho.

Mgomo wa madaktari ulianza Alhamisi iliyopita na orodha yetu imesimama, kwa hiyo mimi na mfamasia tumepata muda wa kutafuta njia ya kupima nguvu ya rangi kabla ya kumpaka mtu. Kwanza tulijaribu kiazi. Aiodini hugeuza wanga kuwa mweusi, sivyo? Tukadondosha rangi mpya kwenye kipande kimoja na ile iliyokufa kwenye kingine. Vyote vikawa vyeusi tii. Wanga hushika hata aiodini chache mno, kwa hiyo kiazi kitakwambia kuwa aiodini ipo. Hakitakwambia imebaki kiasi gani.

Iliyofaulu ni thaiosalfeti ya sodiamu, ambayo tunayo na ambayo huzima aiodini. Weka mililita 1 ya rangi kwenye kikombe kidogo cheupe. Vuta thaiosalfeti ya asilimia 5 (ya fuwele zenye maji, zile za kawaida za maabara) kwenye bomba la insulini la yuniti 100, udondoshe ukitikisa mpaka rangi ipotee kabisa. Rangi mpya ya asilimia 2 humeza karibu mililita 0.8, yaani kama yuniti 78. Chupa ya dirishani ilipauka kabla ya yuniti 40. Ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya nguvu.

Sheria ya chumba tangu leo: kioo cha kahawia tu, kifuniko cha plastiki ngumu (chuma huliwa), kabatini, tarehe ya kutengenezwa juu ya lebo, na kipimo cha bomba la insulini kila asubuhi ya orodha. Ikishuka chini ya robo tatu ya nguvu yake, inamwagwa. Kazi hii inachukua dakika mbili na haina gharama ya kutaja.

20 Mei. Kamasi

Mgomo uliisha tarehe 8. Rangi sasa ni nzuri, lakini adui mpya amejitokeza. Madoa yasiyoshika rangi yalikuwa kila mahali, na mengi yalitoweka tulipomwagia maji: hayakuwa madoa, ilikuwa kamasi na mapovu ya mate yaliyokaa juu ya utando kama mwavuli. Ubaya wa hili una pande mbili. Doa la uongo linakatwa bure, na doa la kweli lililofichwa chini ya kamasi haliguswi kabisa.

Kumwaga maji mengi kwa bomba kulisaidia kiasi, ila mtu anakohoa, kichefuchefu kinapanda, na mate mapya yanakuja. Dawa ilikuwa kusafisha kabla mpira haujaingia. Sasa kila mtu, kama dakika 20 kabla, anakunywa mililita 100 za maji yenye kidonge kimoja cha asetilisistini cha miligramu 600 (kile kinachochemka majini, kinachouzwa madukani kwa kikohozi cha kamasi) pamoja na miligramu 100 za simethikoni. Simethikoni tunaitumia ya matone, yale yale ya watoto wachanga wenye gesi tumboni. Nguvu hutofautiana, hivyo soma chupa kabla ya kupima. Asetilisistini inakata kamasi, simethikoni inavunja mapovu. Baada ya hapo ndipo koo linapuliziwa dawa ya ganzi.

Kinywaji hiki kinaongeza kama shilingi 100 kwa kila mtu. Kwa maoni yangu hakuna senti katika mradi huu iliyoleta faida kubwa kuliko hiyo. Wageni wakija huuliza kamera yetu ni ya mwaka gani. Swali lenye maana ni mtu alikunywa nini kabla ya kulala kitandani.

24 Juni. "Kifua kinawaka"

Malalamiko yalikuwa mengi mno kupuuzwa. Watu walitoka wakishika kifua, wengine wakikohoa. Mzee mmoja, baada ya ganzi kuisha, aliniambia, "Sista, ni kama mmenisugua sufuria." Mama mmoja aliwaonya majirani zake waliokuwa wamepangiwa wiki iliyofuata, na ni wachache waliofika. Kwa mradi unaowaita watu wasioumwa, habari ya aina hiyo huua orodha haraka kuliko ukosefu wa fedha. Mtu mwenye uvimbe atavumilia. Aliyeacha ng'ombe zake akaja kwa hiari hatavumilia, wala si haki kumtaka avumilie.

Tulibadilisha mambo manne kwa pamoja, kwa hiyo siwezi kusema lipi lilifanya kazi kubwa zaidi:

Nguvu ya rangi imeshuka kutoka asilimia 2 hadi 1.2, kipimo kilichotumika Linxian: gramu 12 za aiodini na 24 za aiodaidi kwa lita. Asubuhi chupa mpya inameza thaiosalfeti yuniti 47 hivi badala ya 78. Daktari alihofia kuwa rangi ingekuwa hafifu. Kwenye umio uliosafishwa haiko hafifu.

Kichwa cha kitanda kinainuliwa nyuzi 30 na kunyunyizia kunaishia sentimita 20 kutoka meno ya mbele. Juu ya hapo rangi hurudi kooni na kuingia njia ya hewa, na hicho ndicho kikohozi tulichokuwa tunakisikia. Tunaanzia chini, umio unapokutana na tumbo, tukivuta mpira polepole kwenda juu. Mililita 20 zinatosha. Zikibaki tusizimalize kwa ajili ya kumaliza.

Vipande vikishakatwa, mililita 20 za thaiosalfeti ya asilimia 5 zinanyunyiziwa palepale. Unjano unafutika mbele ya macho. Usiitangulize kabla ya kukata, maana itafuta na mipaka ya doa.

Mwisho mpira unashuka tumboni na kufyonza dimbwi lililokusanyika. Hatua hii tulikuwa tukiiruka orodha ikiwa ndefu. Aiodini iliyoachwa tumboni huunguza utando wa tumbo, na mtu anaumwa akiwa tayari nyumbani.

Malalamiko hayajaisha ila yamepungua sana, na wale majirani wamerudi. Gharama ya rangi pia imeshuka: gramu 100 za aiodini sasa zinatoa lita 8 na zaidi, yaani dozi zaidi ya 400, chini ya shilingi 30 kwa mtu.

29 Julai. Picha zinazodanganya

Alama tunayoiamini kuliko zote ni pinki inayojitokeza dakika mbili au tatu baada ya kupaka, pale ambapo doa la njano linabadilika taratibu na kuachana na madoa mengine ya kawaida. Tunaiona kwenye skrini ya chumba. Kwenye picha zilizohifadhiwa kwenye kompyuta, haikuwepo. Daktari wa hospitali ya rufaa tuliyemtumia picha alituuliza kwa upole tulikuwa tunamwonyesha nini.

Makosa yalikuwa mawili na yalikuwa yakisaidiana. La kwanza ni waya. Kadi ya kunasia video, ya shilingi 3,500, ilikuwa imechomekwa kwenye tundu la njano la mashine, lile la video za zamani, linalosaga rangi na kuzifanya zivuje pembeni. Tumehamia kwenye tundu la kidijitali kwa kadi nyingine ya shilingi 6,000. Kama mashine yako ina tundu la kidijitali, usiguse la njano hata kama ndilo lenye waya tayari.

La pili lilichukua muda kuonekana. Kila asubuhi kamera inafundishwa nyeupe ni ipi kwa kuielekeza kwenye kitu cheupe. Sisi tulitumia kipande cha shashi kilichokaa juu ya trei. Shashi hiyo ilikuwa imerukiwa na matone ya aiodini siku zilizopita, na kwa jicho ilionekana safi. Kamera ikaambiwa kuwa unjano hafifu ndio nyeupe, ikatii, ikaondoa unjano kwenye kila picha ya siku nzima. Sasa tuna kikombe cheupe cha plastiki kinachokaa kabati la mbali na rangi na hakina kazi nyingine yoyote.

Jina la mgonjwa linazimwa kwenye skrini kabla ya picha ya kwanza. Inabaki namba ya daftari na umbali kwa sentimita. Kwa kila doa: picha moja kabla ya rangi, moja mara tu baada ya rangi, moja dakika ya tatu. Saa ya ukutani imehamishiwa juu ya skrini, kwa sababu dakika tatu za kukisia chumbani ni kama sekunde 50.

16 Septemba. Vipande na bili

Hapa ndipo fedha zinakoishia. Maabara ya patholojia inatutoza shilingi 2,500 kwa chupa, na mtu mwenye madoa matatu alikuwa na chupa tatu. Aiodini inaona kupita kiasi: katika takwimu zile zile za Linxian, kati ya wasio na displasia kali wala saratani, ni asilimia 63 tu walioonekana safi baada ya kupakwa. Kiungulia cha muda mrefu peke yake kinatosha kuacha sehemu ya chini ya umio bila rangi.

Na majibu mengine yalirudi yakisema kipande kimelala ubavu na tabaka la chini la seli halisomeki. Displasia huhesabiwa kwa kuangalia seli zilizoharibika zimepanda umbali gani kutoka tabaka hilo la chini, kwa hiyo kipande kisichosimama vizuri ni pesa iliyotupwa.

Tulichokubaliana na mwanapatholojia: kipande kinalazwa kwenye ukanda mwembamba wa karatasi ya kuchujia, uso wa utando ukiangalia juu, kwa kutumia ncha ya sindano. Kiache kama dakika moja kishike, ndipo ukanda uzamishwe kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa. Ukiharakisha kinaelea na kupotea mwelekeo. Vipande vya mtu mmoja vinapangwa juu ya ukanda mmoja kuanzia juu ya umio kwenda chini, na kona ya ukanda upande wa juu inakatwa. Chupa moja, bili moja, na fomu ina mchoro wa umio wenye sentimita. Ombi hili lilihitaji kikao kimoja na chai. Jaribu kuomba kabla ya kulalamikia bei.

Tunakata doa lenye ukingo wazi na upana wa milimita 5 au zaidi, na lolote lililogeuka pinki hata likiwa dogo. Vidoa vidogo vingi vilivyotapakaa tunavipiga picha na kuviandika tu. Wajapani huvipanga kwa madaraja matatu (hakuna, 1 hadi 9, 10 na kuendelea katika picha moja ya kamera), na daraja la juu huenda pamoja na pombe. Tumeongeza swali la pombe kwenye fomu, karibu na lile la chai ya moto. Watu wanajibu la chai kwa furaha zaidi.

11 Novemba. Kitufe cha bendi nyembamba

Kitufe hiki kinaruhusu mwanga wa nanomita 415 na 540 tu, ambao damu huunyonya, kwa hiyo vishipa vidogo vya utando hutokea kama vitone vya kahawia. Katika utafiti wa Japani wa mwaka 2010, kiligundua asilimia 97 ya saratani za juujuu za umio, dhidi ya 55 za mwanga mweupe. Hakiumi, hakina rangi ya kufuta. Kwetu kilitoa giza. Tulidhani mpira umechakaa, tukaandika barua ya kuomba mwingine, mpaka fundi wa vifaa tiba alipofungua ukurasa wa saa za taa. Taa ya zenoni hutakiwa kubadilishwa karibu saa 500. Yetu ilikuwa imepita mbali. Mwanga mweupe huficha taa iliyochoka, bendi nyembamba haiwezi. Taa mpya: shilingi 85,000, kitu ghali kuliko vyote katika mradi huu, na ilisubiriwa kwa miezi.

Utaratibu wetu sasa ni mwanga mweupe, kisha bendi nyembamba, kisha aiodini. Ukipaka kwanza, vishipa havisomeki tena siku hiyo. Aiodini pia huchubua tabaka la juu la utando, na doa lenyewe linaweza kujifunika ngozi mpya na kuonekana dogo kwa wiki kadhaa.

Hili la mwisho limetugusa. Mtu mmoja alikutwa na displasia kali kwenye sentimita 31. Hospitali ya rufaa ilipomwangalia upya haikuona kitu cha maana, mpaka walipofungua picha zetu tatu na mchoro. Wakampa muda, wakarudi sentimita ile ile, wakaliona na kuliondoa kwa mpira. Barua ya rufaa sasa haitoki bila picha, na inataja tarehe ya mwisho ya kupakwa aiodini.

Kilichobaki wazi ni wenye displasia hafifu, ambao daktari amewaandikia warudi baada ya miaka mitatu. Namba za simu huku hubadilika mtu akipoteza laini. Tumeanza kuchukua namba mbili, moja ya mtu asiyeishi nyumba hiyo, pamoja na jina la mzee wa kijiji, na mhudumu wa afya ya jamii wa eneo hilo anapata nakala ya tarehe. Mwezi wa Februari tutawapigia wote simu ya kujaribu tu, kuona ni wangapi wanapatikana.